Kiatu cha Kushoto Kilosa, cha Kulia Mikumi

Juzi tumemzika muuza viatu vya mtumba wa sokoni Kilosa, na leo sitazungumzia bei ya mpunga wala ubovu wa barabara, namzungumzia yeye. Shida zangu na viatu zilianza mwaka aliofariki baba, kibarua wa mkonge. Nilikuwa na miaka tisa, nikaacha shule darasa la pili, nikaenda kulima mashamba ya watu pekupeku. Kiatu cha kwanza nilikivaa nikiwa tayari nina mke. Miguu ilikuwa imeshajikulia inavyotaka, ikatanuka, na tangu nipate hela ya kununua viatu, dukani nimeteseka kuliko shambani. Unasukuma mguu mpaka jasho linakutoka, muuzaji anaona vidole vimekunjamana, anakwambia, "Vitaachia hivyo, mzee. Vaa siku mbili tu." Nimedanganywa hivyo Kilosa, Morogoro na Dar es Salaam. Havikuachia. Wamevivaa wajukuu.

Marehemu hakuwahi kulitamka neno hilo. Kwake, ukipenda kiatu, unaacha ndala zako mezani kama rehani, unatembea mpaka relini na kurudi, soko zima likikutazama. Ukirudi unachechemea, anakuvua mwenyewe. Ubishe, umtukane, hauzi. Nilimuuliza siku moja atakula nini kwa mtindo huo. Akanijibu kwamba mtu anayebanwa na kiatu humlaani aliyemuuzia kila anapokanyaga, na yeye hakutaka kulaaniwa njia nzima kutoka Kilosa mpaka Mamboya.

Binti yangu wa mwisho alipokaribia kuolewa huko Mikumi, nilitakiwa nimshike mkono kutoka mlango wa kanisa mpaka mbele. Alinijua. "Baba," akasema, "usije ukachechemea. Watu watasema hutaki niolewe." Nikaenda kwa marehemu. Mezani kulikuwa na kiatu cheusi cha kushoto, mguu ukaingia na nafasi ikabaki. Nikaomba mwenzake. Hakuwa nacho.

Wauza mtumba wetu hupanga mezani mguu mmoja tu, wa pili hukaa kwenye gunia, kwa kuwa mwizi hana haja na kiatu kimoja. Marehemu alikuwa akisimama mezani, na mshirika wake, mwanaume mdogo kwake kwa miaka mingi, akikalia gunia. Siku chache kabla sijafika, yule mdogo akamwambia mteja kwamba kiatu kitaachia. Marehemu akamgombeza mbele za watu, mwenzake akabeba gunia lake akahamia Mikumi. Kwa hasira zao hakuna aliyekumbuka kilichomo. Basi Kilosa ikabaki na viatu vya kushoto, Mikumi vya kulia, na hakuna aliyekubali kuanza kumfuata mwenzake. Nilimwambia wazi kwamba huo ni upuuzi wa watu wazima.

"Yeye ndiye mdogo, mzee mwenzangu. Aje anisalimie."

"Harusi ni Jumamosi," nikamwambia, "na miguu ni yangu."

Alinitazama miguu kwa muda. Kisha akafunga meza, akajaza viatu vyake kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, tukapanda basi la Mikumi. Tulipofika, yule mshirika akainuka kwenye kiti chake, nami nikajua hapa ama napata kiatu ama naamua ugomvi. Marehemu hakusalimia, maana salamu haikuwa yake kuanza. Akaweka kile cheusi juu ya meza, katikati ya vya kulia. Mwenzake akakiangalia, akaangalia miguu yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mpe mwenzake, atembee."

Nikatembea mpaka barabara kuu na kurudi. Yule mshirika akainama mwenyewe, akabonyeza ncha ya kiatu, akaniuliza panabana wapi. Marehemu akageuza uso upande wa milima, akajifanya anakohoa. Nikawaacha wamekaa chini wanatafutia viatu wenzao, wateja wamewazunguka wanawacheka, na wao wanacheka zaidi. Jumamosi nilitembea na binti yangu sawasawa kabisa. Jioni nikacheza mpaka mshereheshaji akaniomba nipumzike.

Siku hizi wajukuu wanaagiza viatu kwa simu. Vinakuja na basi kutoka Dar, vinabana, na hakuna wa kumgombeza. Siikatai simu, ninayo. Ila mimi niliyeishia darasa la pili nasema hivi: unayeuza chochote, usimwachie mteja kabla hujamwona anatembea. Na ukigombana na mtu wako, mfuate mapema, ukubwa wako hautapungua. Marehemu alikwenda kwa ajili ya mguu wangu, akarudi na mwenzake. Juzi mshirika huyo ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Chanzuru, shamba la mpunga, mashine ya kukoboa, ng'ombe wanne, wakwe wanaoniheshimu, na vile viatu vyeusi. Nilikwenda navyo makaburini kwa miguu, nikarudi bila lengelenge.