Mshonaji na Maître Wake

Mshonaji huyu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hawezi kutulia. Hapa Lilongwe, kwenye benchi la ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya mawakili, anaketi, anainuka, anamnyooshea jirani kola, anang'oa uzi kwenye koti la mtu asiyemjua, anasema "pardon", anaketi tena. Wakili wake hakufika siku rufaa yake ya kuomba hifadhi iliposikilizwa, na faili ikafungwa. Lalamiko hili likikubaliwa, ataweza kuomba asikilizwe upya. Likikataliwa, hana mlango mwingine.

Karani alipomwita, mimi nilikuwa mkalimani. Kwao Bukavu hata mwizi huulizwa kwanza hali ya watoto, kwa hiyo alianza kwa kumshukuru Maître, yaani huyo wakili anayemlalamikia, kwa tabasamu lake na kwa kiti alichompa, kisha akamwombea mamake wakili huyo afya njema. Karani aliandika yote, halafu akaniuliza kama mama huyu mshonaji amekuja kushtaki au kutoa ushuhuda kanisani.

"Mwambie angojee," mshonaji aliniambia, vidole vyake vikikunja na kukunjua ukingo wa kitenge. "Mi siko mushenzi."

Baraka zilipokwisha, vidole navyo vikasimama.

"Sasa aandike. Ile siku mi nilikuya, Maître hakukuya. Juge akauliza, avoka wako iko wapi? Mi nikaogopa kumusema mubaya mbele ya bantu. Njo nikajibu, iko mu njia. Tukamungojea. Hakukuya."

Karani aliinua kalamu kwenye karatasi, maana jibu hilo lilimkinga Maître na kumponza mwenyewe. Mama akamwomba asiliruke hilo jibu lake, kwa kuwa ni kweli alilisema.