Mstari Mmoja Juu ya Hapana

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilipokabidhiwa boksi la barafu kwenye ofisi ya utafiti pale Kahama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mwalimu wa baiolojia ameniomba niwaeleze ninyi wadogo zangu wa kidato cha pili jinsi kazi ile inavyofanyika. Naandika, ingawa moyo bado haujatulia.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mtaalamu wa Maabara. Nilimwamkia huku natazama sakafu.

"Kabula, hiyo shikamoo umevipa viatu vyangu," akasema. "Haya, vinasema marahaba."

Alinifundisha kwamba mwili hutengeneza protini inayozisaidia seli za neva zisife. Utafiti ulitaka kujua kama wanaovuta moshi wa zebaki wanayo pungufu. Sehemu kubwa ya protini hiyo iliyomo kwenye damu imo ndani ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na damu ikiganda ndipo protini hutoka. Kwa hiyo kila kichupa cha damu hukaa nusu saa kamili kabla ya kuzungushwa kwenye mashine. Yale maji ya manjano yanayobaki juu ndiyo hupimwa.

"Ukiharakisha, utapima haraka yako," alisema. Nilitazama saa mpaka macho yakauma.

Wiki ya tatu nikahamishiwa kijijini kwetu, upande wa Geita, kujaza fomu chini ya Daktari, mama mmoja mpole aliyekuwa mkuu wa utafiti. Makundi yalikuwa mawili: watu wa zebaki, ambao wangepimwa pia neva za mikono na miguu, na watu wasiohusika nayo, wa kulinganisha nao. Hao wa pili walikuwa adimu. Akaja mama yangu.

Mama ni mama lishe mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Jiko lake halizimi, basi watu huleta donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki, wanalichoma palepale kwenye kikaango chakavu, na zebaki inapanda na moshi. Utaratibu ni mmoja: ukichomea kwa Mama Kabula, unakula kwa Mama Kabula.

"Unahusika na zebaki?" nilimsomea, mbele ya foleni.

"Mimi? Duara langu la kuchimba dhahabu liko wapi? Si unajua napika chapati, mayo, mwanangu!"

Watu wakacheka. Nikaandika *hapana*. Alipotaka kusaini, kalamu ikamchezacheza vidoleni. Niliona. Nikafunua ukurasa mwingine.

Tangu hapo sikukaa nikatulia. Nikisema, wachomaji wataondoka, na wao ndio walaji. Nikinyamaza, mama atahesabiwa mzima na hakuna atakayeipima mikono yake. Nilikuwa naanza sentensi mbele ya Daktari, halafu naomba kalamu nyingine. Nilikusanya kalamu sita.

Siku ya mwisho ya mkataba Daktari akanipa mkono. "Haya, mstaafu wetu."

Sikuuachia. "Kuna fomu niliijaza vibaya. Ya mama."

"Mama yako mzazi?" Akavua miwani. "Ungeniambia, ningemhoji mwenyewe."

Nikauliza kama niichane.

"Fomu haichanwi wala haifutwi. Unapiga mstari mmoja, jibu la zamani lisomeke, unaandika jipya, tarehe na sahihi. Lakini jibu ni lake, si lako. Kesho twende wote."

Ndiko kustaafu kwangu huko, wadogo zangu. Kusubiri damu igande nilikuwa nimeshajua. Kumsubiri mama ajibu ilikuwa kazi mpya.

Asubuhi yake tulimkuta anakanda unga. Nilimwamkia nikimtazama usoni.

"Mama, na ule moshi wa jikoni kwako?"

Akaendelea kukanda. Mchimbaji mmoja akaingia na donge lake kwenye kitambaa, akasogelea jiko.

"Leo hapachomwi," mama akamwambia.

"Hee! Na chapati je?"

"Chapati zipo."

Yule bwana akafunga kitambaa chake, akaenda banda la jirani. Mama akamsindikiza kwa macho, kisha akanigeukia.

"Andika."

Nikapiga mstari mmoja, nikaandika *ndiyo*, tarehe, sahihi. Halafu nikanawa mikono, nikauchukua unga mikononi mwake.