Lokole Iliyonisema Ukumbini

Ndugu zangu, tangu Jumapili ninapita vichochoroni. Kwa sherehe ya uhuru hapa Kisangani nilitunga muziki wa kisasa, fidla yangu ikiongea na sauti za tepu. Nilirekodi maporomoko ya mto Tshopo, kisha nikaenda kwa Tonton Lifoko, mjomba wa wote, mvuvi, anipigie lokole, ile ngoma ya gogo inayotuma habari ng'ambo ya mto. Lugha ya ngoma hiyo siijui. Kwetu ni watu wa duka, si wa mto. Nilikula sahani tatu za samaki wake, ndipo akapiga, mashine yangu ikirekodi.

"Umesema nini, tonton?"

"Bon, nimekusalimia tu."

Nikafurahi, nikaunga tepu ili mlio ule ujirudie mara ishirini.

Jumapili ukumbini lokole ilipolia, wavuvi wakacheka. Ilipojirudia, wakashika mbavu. Nikajua nimewakuna! Nikaongeza sauti, nikapiga fidla kwa madaha huku nimefumba macho, nikainama kushukuru. Mama mmoja wa mstari wa mbele akanivuta shati, machozi yakimtoka.

"Papa, unajua ile lokole inasema nini? 'Mufiche masufuria! Ule wa mashine iko anakuja kwenu, na bado iko na njaa!'"

Nikaitazama tepu. Ilibakiza mara kumi na mbili, na sasa ukumbi mzima ulikuwa unaitikia.