Ukuta Nilioijengea Mashine ya Baridi

Ukuta ule niliujenga mimi. Nasema mapema, maana watu wa kwetu Makebuko bado wanamlaumu fundi wa mashine, na yule bwana hana kosa hata chembe.

Hospitali ndogo ya masista ilipata chumba cha baridi cha kuwekea maiti. Chumba kiko ndani, ila mashine inayokipoza inakaa nje, sanduku kubwa la chuma lenye mafeni. Fundi aliikalisha juu ya zege nililolimwaga mimi, katikati ya uwanja mtupu. Akaizunguka mikono ameinyoosha.

"Mzee, nafasi hii isiguswe. Mashine inavuta hewa ubavuni, inatema joto juu. Na mi nikija kuisafisha, nipite na ngazi yangu."

Nikaitikia ndiyo. Shule niliishia darasa la pili, ukimbizini Tanzania, lakini kuitikia ndiyo nilihitimu. Huko ndiko nilikojifunza kufyatua matofali, na ndiko nilikompata mama watoto. Alikuwa anauza mandazi, tena mabaya, nikayala mwaka mzima mpaka akanionea huruma. Basi. Amani ilipokuja tukarudi. Kwetu kitu cha thamani kinalala ndani ya rugo, ua uliofungwa, ng'ombe kwanza. Na mtu aliyekimbia akarudi akakuta hata mlango wa nyumba yake umeng'olewa, haachi chuma nje. Fundi alipoondoka, nikaizungushia mashine ukuta wa matofali, mrefu kunipita, karibu nayo kiasi cha kiganja. Juu nikaweka bati.

Sista mkuu, huku tunamwita masera, akaniuliza, "Mzee, si fundi alisema..."

"Masera, wezi hawamsikilizi fundi."

Akacheka, akanipa chai.

Kiangazi kilichofuata mama watoto akafariki. Binti yetu, mmoja tu aliyebaki, ameolewa ng'ambo, Tanzania. Akapiga simu analia. "Baba, msimzike sijamwona uso."

Nikamwambia, "Njoo taratibu, mwanangu. Mama yako yuko kwenye baridi, atakusubiri."

Akavuka mpaka, akaingia Muyinga. Petroli haikuwepo siku zile, gari likawazimikia njiani, pale Mwakiro, akalala kwa watu asiowajua.

Asubuhi yake mashine ikanyamaza. Fundi akaja na pikipiki, akasimama mbele ya ukuta wangu, mdomo wazi.

"Mzee, umeifunga kama mbuzi wa kuibiwa!"

"Ng'ombe halali nje," nikamjibu.

"Na ng'ombe ukimziba pua, utakamua nini? Joto inalolitoa linagonga bati, linarudi, inalivuta tena. Na vumbi ningelitoa wapi, mkono wenyewe haupiti?"

Hakujua maiti aliyemo ndani ni wa nani. Sikumwambia. Nikachukua nyundo nikabomoa. Kumbe nilikuwa nimejenga vizuri, matofali hayakutaka kutoka. Fundi alipofungua ile mashine alitikisa kichwa: moyo wake umeungua, na wa kubadilisha hana. Masera akanishika bega, akasema polepole, "Mzee, ni leo. Hatuwezi kungoja."

Tukazika saa kumi.

Binti alifika kesho yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sikungoja aniulize. Nikamweleza ukuta, bati, na alichosema fundi mara ya kwanza. Nilidhani atanipigia kelele, na ningeshukuru. Akakaa kwenye udongo mbichi wa kaburi.

"Mlipomfunika, uso wake ulikuwaje?"

"Kama amelala, mwanangu."

"Hivyo husemwa kwa kila maiti, baba. Niambie wa mama."

Nikatafuta, nikatafuta. Kweli ni kwamba walipofungua jeneza tumuage, macho yangu yalikuwa yamejaa vumbi la matofali, nikageuka kujipangusa na shati. Nilipogeuka tena, walikuwa wanapiga misumari.

Ikabidi nimwambie na hilo pia.