Gundi wa Masjala

Madereva wa ofisi ndio waliompachika jina la Gundi, na hakulichukia. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya upimaji ardhi, mwaka wa kumi na tisa huo, mjane mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Ofisi ilipoletewa programu ya kupangia kazi, wenzake waliikwepa. Yeye alikaa na fundi wa kompyuta siku mbili akaielewa: kila kazi iliyoandikwa humo ilitakiwa iunganishwe na faili lake, mchoro wa kiwanja au barua ya mwombaji, ili mtu akibofya kazi, faili lifunguke hapo hapo. Ukikosea, mpimaji anakwenda kuweka mawe ya mpaka katika shamba la mtu mwingine.

"Gundi, niunganishie hili." Kila mtu, kila siku. Mwanzoni alivimba kichwa.

Kisha mama yake, aliyeishi kwa dada wa Gundi safari ya siku nzima kutoka hapo, akaanza kupoteza macho. Gundi akaomba uhamisho kwenda tawi la huko. Mkuu wa ofisi, mtu mpole asiyejua kusema hapana, akamjibu, "Sina neno, dada yangu. Malizia tu kuunganisha mafaili ya zamani, nitasaini."

Mafaili ya zamani yalikuwa elfu sita na ushee. Akayavaa. Miezi minane macho yakimwasha, bega la kulia likifa ganzi. Yakabaki mia tatu.

Jumatatu moja akabofya kazi ya kwanza, skrini ikaandika: Faili halipatikani. Akabofya ya pili. Halipatikani. Akaenda kwa mkuu.

"Ah, Ijumaa nilizipanga folda," mkuu akasema kwa furaha. "Nimezigawa kwa miaka, nikabadili na majina. Si zinapendeza?"

"Viungo vyote vimekufa, bosi."

"Vyote?"

"Programu inalitafuta faili pale lilipokuwa. Wewe umelihamisha."

Mkuu akajishika kichwa. Aliona aibu kwelikweli, lakini aibu yake haikuunganisha hata faili moja, na fundi alipoitwa alisema nakala ya zamani haikutunzwa.

"Na uhamisho wangu?" Gundi akauliza.

"Tukimaliza, dada yangu."

Dada yake alichoka kusubiri, akamleta mama mwenyewe. Mama hakutaka kubaki nyumbani peke yake. Siku ya tatu akaongozwa mpaka masjala, akaketishwa kando ya binti yake.

"Hiki ndicho kilichokushika?" akauliza, akipapasa ukingo wa meza.

"Ndicho, mama. Hapa kazi, hapa faili. Naviunganisha."

"Halafu?"

"Halafu vingine."

"Vikiisha?"

Gundi aliitazama skrini. Asubuhi hiyo pekee zilikuwa zimeingia kazi mpya arobaini.

Mkuu akapita. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu utanipa lini?"

Mkuu akatazama sakafu, akasema ataangalia. Wiki hiyo akatoa likizo ya siku kumi. Siku ya pili tu Gundi alikuwa akimkata mama kucha, simu ikalia: mpimaji yuko shambani, mchoro haufunguki. Akamwelekeza hatua kwa hatua, kidole cha mama kikiwa bado mkononi mwake. Kufikia saa kumi alikuwa amepokea simu sita. Siku ya tano akarudi kazini bila kuitwa. Kukaa akisubiri mlio kulimchosha zaidi.

Nafasi ya tawini akapewa mtu mwingine. Mama alibaki kwake, katika chumba cha mbele, akawa anazitambua saa kwa kelele za barabarani.

Mafaili ya zamani, aliyokuwa ameyaanza upya, yaliisha Alhamisi moja, kabla ya chakula cha mchana. Gundi hakumwambia mtu. Alitoka uani, akanawa uso bombani, akasimama kidogo juani. Halafu akarudi ndani, akavaa miwani, akafungua kazi za siku hiyo.