Hafsa na Dakika ya Pampu

Hafsa alitoka Korogwe kwa bodaboda, laptop kifuani, kwenda kuiwasha pampu ya maji ya Kwamsisi, kijiji alichozaliwa. Fundi aliyemtangulia alihama na nenosiri la kisanduku kinachoiongoza, simu yake haipatikani, na watu walikuwa wanachota bwawani pamoja na ng'ombe.

Njia ilikuwepo. Kisanduku kikiwashwa, dakika ya kwanza husikiliza waya unaokiunganisha na laptop. Waya ukinyamaza kwa muda mrefu kuliko unaotumika kupitisha herufi yoyote, huacha kila kitu na kumpokea fundi bila nenosiri. Mafundi huuita ukimya huo breki. Ila laptop za siku hizi hazina kitufe cha breki, sijui kiliwakosea nini. Ikabidi Hafsa ashushe spidi ya laptop hadi chini na kubonyeza kitufe cha nafasi mfululizo, ili kila nafasi tupu ivutike mpaka kisanduku kiidhanie ni ukimya wa breki. Ukiinua kidole, imekula kwako.

Mara ya kwanza, kidole kikiwa kwenye kitufe, akaingia chumba cha pampu Mzee Zaidi, mwenyekiti wa kamati ya maji. Hafsa akainuka, akampa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama hajambo? Mvua za Korogwe je?"

Dakika ikapita. Akazima kisanduku, akawasha tena. Wakaingia wazee wengine wawili kuuliza kazi inaendaje. Kazi ilikuwa inakwamishwa na salamu, na nani angethubutu kuwaambia hivyo? Chaji ya laptop ilibaki ya kujaribu mara moja tu.

Akawasha. Mlangoni akasimama Bibi Chausiku, shangazi wa marehemu baba yake, aliyemlea Hafsa tangu anatambaa.

"Hafsa, nimekuja."

Hafsa hakugeuka. Kidole kiliendelea kubonyeza.

"Hafsa. Mimi bibi yako."

"Subiri kwanza, bibi."

Maandishi yakatokea kwenye kioo, akaweka nenosiri jipya, pampu ikanguruma. Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Alimkuta bombani, ndoo yake inajaa. Akapiga magoti kwenye tope mbele ya foleni nzima. "Shikamoo, bibi."

Bibi Chausiku alijitwisha ndoo bila kumtazama, akamgeukia jirani yake.

"Huyu fundi wa Korogwe simfahamu," alisema. "Mwambie ahsante kwa maji."