Dole langu linamnyima mafao mzee anayenilisha

Admin naomba ufiche jina, mimi ni mtu wa aibu na kuandika kwenyewe najikongoja, niliishia la nne. Nina miaka 23. Nimezaliwa kambini, kambi ya wakimbizi, wazazi wangu Warundi. Nilitoka kambini bila kibali, sasa ni fundi springi kwenye gereji moja ya malori huku Kigoma.

Aliyenipokea ni mzee mmoja fundi wa hapo hapo. Alinikuta nalala chini ya lori bovu, akanipeleka kwake Ujiji, akawaambia watu huyu mtoto wa dada yangu wa Mwamgongo. Mkewe, namwita mama, ananiita mwana wanje, yaani mwanangu. Ugali nakula sahani moja na mzee, na kazi yote kanifundisha yeye. Mafundi wenzetu wakinitania, "huyu hata nati inamzidi maneno," mzee anawaambia, "mwacheni, anaongea na springi."

Mzee ana miaka kumi na tisa pale. Kila mwezi bosi anamkata hela ya uzeeni. Mwaka huu kafika sitini, akaenda kufuatilia mafao yake, akakuta kwenye mfuko wa pensheni hata jina lake halipo. Bosi hajawahi kupeleka kitu. Mzee akaenda kushtaki kwenye chama cha wafanyakazi.

Kesho yake bosi akaniita ofisini, akafunga mlango. Hakupiga kelele.

"Mtendaji wa kijiji chenu cha Mwamgongo anaitwa nani?"

Nikasema simkumbuki.

"We Mrundi, najua siku nyingi. Nimekuacha kwa sababu unapiga kazi kama punda. Niwapigie uhamiaji?"

Nikasema hapana bosi.

"Basi weka dole hapa."

Kambini tumekua hivyo, ukiambiwa weka dole unaweka, ndo unapata unga, huulizi karatasi inasema nini. Nikaweka. Ndo akanisomea, taratibu, anatabasamu. Karatasi inasema mzee ni kibarua tu, anaitwa kukiwa na kazi, hajawahi kuajiriwa. Akasema, "Mpwa wake mwenyewe kathibitisha, nani atabisha?" Akanirushia kitambaa nifute wino.

Jioni tunakula, mzee akasema chama wamemwambia kuna mtu wa gereji kaweka dole dhidi yake, jina atasomewa Jumatatu kwenye kikao na bosi. Mama akasema, "Na lioze hilo dole." Na mimi nikaitikia amina. Mzee akanisogezea kipande cha samaki, mgebuka, akasema, "Kula mwanangu, haya hayakuhusu."

Jana kaninunulia shati. Anasema Jumatatu mimi ndo shahidi wake, maana ndo nafanya naye kazi kila siku na mimi siogopi mtu.

Nikisema ukweli, bosi anaita uhamiaji, narudishwa, na mzee naye wanaweza kumshika kwa kunificha. Nikinyamaza, anatoka pale mikono mitupu, mgongo wenyewe umeshakwisha kwa malori ya watu. Nimewaza kukimbilia Ilagala nikavue, lakini jina langu litasomwa hata nisipokuwepo, na yeye atakuwa amekaa hapo anasikiliza.

Shati nimelitundika msumarini, naliangalia tu. Ndugu zangu mnaoyajua haya mambo, leo Ijumaa. Nimwambie mwenyewe kabla hajasomewa, au niende naye hivyo hivyo?